Shoka Iko Wapi

Ningetoa pole, ningekula, ningeondoka zangu Samuye kimya kimya, kama dereva wangu asingeniita kwa sauti ya mnadani. "Mama Shoka! Mama Shoka, gari nipaki wapi?" Kina mama waliokuwa wakipepeta mchele waliacha kupepeta. Walinitazama kuanzia viatu, wakapanda hadi kwenye kilemba, wakashuka tena kuhakikisha. Geita jina hilo linajulikana. Ukileta maharage yako kwenye kambi za wachimbaji na hujakatwa bei na Mama Shoka, watu wanakuona bado mgeni kwenye biashara. Lakini pale Samuye mimi nilikuwa Kabula, au kwa heshima Mama Kulwa, mwanamke aliyekuja kumzika Mama Limi, na jina la sokoni nilikuwa nimekusudia kuliacha barabarani. Limbu, mtoto wa kaka wa Mama Limi, alikuwa ameketi kwenye benchi la wanaume. Aliinuka taratibu, mvi zimemwingia kichwani kwa mpangilio mzuri, akamuuliza dereva wangu: "Umemwita nani?" Dereva akarudia bila kuulizwa mara ya pili. Uso wa Limbu ukafunguka. "Shoka," alisema, kwa ile sauti ya kwetu inayovuta neno kidogo mwanzoni. "Kabula. Miaka yote hii umelibeba?"

Nikakohoa. Mtu akikohoa msibani haulizwi sababu.

Mwaka ambao Limbu alikuwa akiukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na sina hata kazi ya kufukuzwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo, mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, sikutaka kuyahesabu hata mara moja. Mama Limi alikuwa na steshenari Katoro, kando ya barabara ya kwenda Geita mjini. Vyumba viwili, vimetenganishwa na pazia la khanga ambayo maandishi yake yalishafifia, ikabaki inasema nusu ya jambo. Mbele palikuwa na mashine ya kutoa kopi na kompyuta tatu za mezani zilizotumika nchi za watu hadi zikachoka, kila moja imefunikwa kitambaa, kwa sababu vumbi la Katoro ni jekundu na halipigi hodi. Nyuma tulilala, tulipika, na tuliweka maboksi ya karatasi juu ya kitanda ili panya wahangaike kidogo. Kibodi zilikuwa tatu na kwa jumla zilikosa vitufe tisa. Nilihesabu tena kwa sababu mara ya kwanza nilipata vinane. X na Q hazikuwepo kwenye hata moja, jambo ambalo kwa Kiswahili si hasara, na kitufe kimoja cha chini pembeni kilikuwa kimeng'oka kwenye zote tatu, nami sikujua kazi yake, kwa hiyo sikukililia.

Mapatano yetu yalikuwa haya: mimi nichote maji, nipike na nipige deki, wao wanifundishe kompyuta. Mama Limi alitaka niongeze kufua. Nikasema nguo ndogo ndogo sawa, mashuka hapana. Tulivutana hadi ugali ukaanza kuganda, na mwisho wake mashuka yakaangukia kwa Limbu, ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo. Limbu alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka chuo kimoja Mwanza. Alikuja na begi la nguo, redio ndogo, na kasha la plastiki lenye CD moja tu, ambalo alilishika kama mtu aliyebeba mayai.

Siku hizo mtu aliyekuwa na nguvu kwenye ile steshenari hakuwa Mama Limi wala Limbu. Alikuwa Fundi Maneno. Alikuja kwa pikipiki na mfuko wa CD nyingi, na kazi yake ilikuwa kupiga windo, yaani kuweka Windows upya kwenye kompyuta iliyokufa. Za kwetu zilikufa mara kwa mara. Wachimbaji walileta flashi zao kuwekewa nyimbo, madalali walileta flashi zao kuchapishiwa mikataba ya maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na kila flashi ilikuja na virusi vyake kama mgeni anayekuja na wanawe bila kutoa taarifa. Nikiwa nyuma ya khanga nakoroga mlenda, nilikuwa nawasikia.

"Mama Limi, hii imekwisha. Inataka kupigwa windo."

"Si uliipiga juzi?"

"Juzi ilikuwa juzi. Hizi flashi za wachimbaji zina wadudu kuliko mchele wa msaada."

"Na mbona siku zote zinakufa mchana, Maneno?"

"Mchana ndiyo joto, mama."

Mchana ndiyo chakula pia. Fundi Maneno alikuwa akila wali kama mtu anayelaza tofali, tonge moja sawasawa juu ya jingine, na kila akija Mama Limi alilazimika kupika wali badala ya ugali wa udaga wa muhogo, kwa sababu fundi hawezi kulishwa udaga akaenda kusema huko. Siku moja Limbu akatoka kwenye uvumilivu wake. Alisema upo mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, unaitwa Linux, virusi vya flashi za pale haviuwezi, na ni bure.

"Bure ina nini ndani?" Mama Limi aliuliza.

"Bure ni bure, mama," Maneno akadakia, mdomo umejaa. "Kingekuwa na kitu ndani kingeuzwa."

"Na hiyo ya kwako uliinunua wapi?" Limbu alimuuliza.

"Hii? Hii ni Windows orijino."

"CD imeandikwa kwa kalamu ya wino."

"Wino wenyewe orijino, bwana mdogo."

Nimeshika biashara ya kupatana bei tangu nikiwa binti, na sijawahi tena kusikia mabishano kama yale: watu wawili wanagombea bei ya vitu viwili ambavyo vyote havilipiwi. Kimoja kimetolewa na wenyewe, kingine kimechukuliwa wenyewe hawajui. Limbu alisema tofauti ni hiyo tu na inatosha. Alisema ule wa kwake una mlango, mtu akiujua anaingia, anabadilisha kisichomfaa, na hakuna wa kumuuliza. Maneno akanawa mikono, akajifuta, akasema neno ambalo inaniuma kukiri kwamba lilikuwa na uzito. "Nenda benki. Nenda halmashauri. Nenda kule kambini. Kote utakuta Windows. Huyu binti ukimfundisha hiyo ya kwako, umemfundisha lugha ya kijiji kimoja." Akanionyesha mimi, nimesimama na mwiko. Sikupenda kuonyeshwa, lakini neno nililishika.

Mama Limi hakuangalia hoja, aliangalia sufuria. "Huyo wa bure anakula?"

"Hali, shangazi."

"Muweke."

Basi akawekwa. Nilipowasha asubuhi yake nilidhani nimekosea chumba. Kila kitu kilikuwa kwa Kiswahili. Faili, Hariri, Hifadhi, Nakili, Bandika. Mimi ambaye nilikuwa nimekaa madarasani miaka minne nikitikisa kichwa kwa Kiingereza nisichokielewa, niliona mashine inasema nami kama mtu wa nyumba ya pili. Nilijifunza haraka hadi nikajitilia shaka. Kufikia mavuno nilikuwa nachapa barua ya dalali wakati yeye bado anatafuta kiti. Mama Limi naye akaanza kujifunza. Kiswahili kwake kilikuwa cha dukani, cha "karibu" na "ongeza kidogo". Cha rohoni kilikuwa Kisukuma. Alichapa kwa kidole kimoja, amekunja uso, na akikosea alikuwa haulizi mtu, anaiambia mashine yenyewe kwa ukali: "Shoka! Shoka!" kama anamfokea ng'ombe aliyeingia shamba la watu. Kwa Kisukuma shoka ni rudi. Hakuna kuni ndani yake.

Kwenye kioo, kitufe cha kurudisha ulichoharibu kilikuwa kimeandikwa Tengua. Mama Limi hakulipenda. "Hilo ni la wakubwa wakivuana vyeo," alisema. Limbu alicheka, akainama kwenye mashine mchana mzima, akaingia kwa ule mlango wake. Jioni tulipokuwa tunakula matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, alimwita shangazi yake aje aone. Pale palipokuwa pameandikwa Tengua palikuwa pameandikwa Shoka. Mama Limi aliweka bakuli chini. Aliharibu mstari kwa makusudi, akabonyeza, mstari ukarudi. Akaharibu tena. Alirudia hadi maziwa yakaingia nzi. "Imenisikia," alisema, na akanigeukia mimi, si Limbu, "Kabula, imenisikia." Baada ya hapo Limbu akabadilisha maneno mengine, kila lililomkwaza shangazi yake. Wateja walikuwa wakichungulia. Mchimbaji mmoja aliuliza, "Mama, mashine yako ina shoka?" Mama Limi akamjibu, "Ina shoka, na wewe una kiherehere. Flashi iko wapi?"

Sitaki kuupamba ule mfumo kuliko ulivyokuwa. Virusi kweli vilikoma, na watu wakaanza kutuletea flashi zao kusafishwa, wakatuita dispensari. Lakini barua tuliyoichapa kwetu ikifunguliwa kwingine ilikuwa inajipanga inavyotaka. Dalali mmoja alirudi na mkataba wake, sahihi imesukumwa hadi ukurasa wa pili, imekaa peke yake kama mgeni aliyenyimwa kiti, akatuuliza kama tunamtakia mema. Limbu alieleza kwa utulivu. Dalali hakutaka maelezo, alitaka sahihi yake. Nikiwa nyuma ya khanga nilimkumbuka yule mla wali.

Kisha likabandikwa tangazo kwenye nguzo mbele ya duka la dawa. Kampuni moja iliyokuwa ikihudumia kambi ya wachimbaji ilitaka karani wa stoo, kidato cha nne, anayejua kompyuta, kutakuwa na mtihani. Nililisoma mara mbili, nikarudi kesho yake nikalisoma tena. Kwangu ile kazi ilikuwa kitanda ambacho hakina maboksi ya karatasi miguuni, milo mitatu ambayo sikuipika mimi, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nilitaka hasa kile kitambulisho. Nilimuuliza Limbu kama nitaweza, na wao wanatumia Windows. "Kompyuta ni kompyuta," alisema. "Barua ni barua." Alininyooshea blauzi kwa pasi ya mkaa, bila kuambiwa. Mama Limi alinifungia mayai ya kuchemsha kwenye karatasi iliyoharibika kwenye mashine ya kopi, nusu ya uso wa mtu asiyejulikana, akaniambia, "Ukikosea usiogope. Unairudisha tu."

Chumba cha mtihani kilikuwa kontena lililokatwa madirisha, na ndani baridi ya kiyoyozi, baridi ya kwanza maishani mwangu kulipiwa na mtu. Tulikuwa watu tisa kwa jumla, ukihesabu mimi na msimamizi, dada mmoja mrefu mwenye manukato, ambaye asubuhi langoni alikuwa ameniitikia "mwangaluka" kwa Kisukuma safi kabisa. Tulipewa barua ya kuchapa na jedwali la bidhaa za stoo. Kuchapa nilichapa. Nilimaliza barua wenzangu wakiwa kwenye salamu, nikaanza jedwali, nikalimaliza. Nilikuwa nalipitia mara ya pili, kama kawaida yangu, vidole vikateleza, nikachagua ukurasa wote bila kujua, nikagusa herufi moja. Ukurasa ukawa mweupe. Ikabaki "k" moja peke yake juu kushoto.

Nikatazama juu ya kioo kutafuta neno langu. Hakuna Hariri. Hakuna Hifadhi. Palikuwa na vipicha vingi na maneno ya Kiingereza, na mimi nilifundishwa kusoma maneno, sikufundishwa picha. Nilikuja kuujua baadaye ule mshale mdogo uliojikunja, ulikuwa pale pale juu, unanitazama. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi na kusema kwa sauti ambayo kiyoyozi hakikuweza kuifunika:

"Samahani dada, shoka iko wapi?"

Yule dada akauliza, taratibu, kila mtu asikie, "Shoka? Unataka kukata nini?"

"Anataka kuni," mmoja akasema. "Mpeni na panga, amalizie." "Dada, hapa ni stoo, msitu uko Biharamulo!" Nilijaribu kusema ya kurudisha, ile ya kurudisha, lakini sauti ilikuwa imebaki kwenye karatasi ya mayai. Walicheka watu saba. Nilihesabu mara mbili, sijui kwa nini. Nadhani macho yanapokosa pa kwenda hufanya kazi yaliyoizoea. Wa nane hakucheka kwa sababu alikuwa bado anatafuta herufi. Mimi nilifanya kile ambacho mtu hufanya uso wake ukishika moto mbele za watu, kisha nikachukua mkoba wangu nikatoka, na mayai nikayaacha juu ya meza.

Nyumbani niliwaambia nusu. Niliwaambia wanatumia Windows, sikuizoea, nimeshindwa, watachukua wengine miezi ijayo. Kicheko sikukitaja. Nilijiambia ninamhurumia Limbu. Nilikuwa najihurumia mimi. Nilisimama katikati ya kile chumba na kusema kwamba nataka Windows, kwenye zote tatu, na aitwe Maneno. Nilisema kwa ile sauti ninayoitumia leo kwa wauza maharage, sauti isiyoacha nafasi ya kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Nilikuwa na hoja zangu zimepangwa. Limbu hakubishana. Alikuwa ananitazama machoni tu, na nadhani aliona zaidi ya nilichosema, kisha akaenda mwenyewe kumwita Maneno, mtu ambaye walikuwa hawajasalimiana tangu wali ukome.

Maneno alikuja, akala, akafungua mfuko wake. Alipokuwa akiweka, mashine iliuliza jambo kwa Kiingereza, na Limbu akanisomea: "Inasema ukikubali hapa, vilivyomo vyote vinafutika." Nikasema ikubali. Mama Limi alikuwa mlangoni na pazia la khanga begani. "Na ile shoka yangu itakuwepo?" aliuliza.

"Itakuwepo, mama," nilimjibu. "Kwa Kiingereza."

Alifikiri. "Basi haitanisikia," alisema, akarudi kwenye mashine ya kopi. Sikumwona tena akikaa mbele ya kompyuta mwaka ule.

Maneno alipomaliza alinipa somo moja kwa kutosheka na wali. Alikuja na kibodi yake nzima, akanionyesha kitufe cha chini pembeni. "Ukiharibu, shika hiki, gusa Z. Kinarudi. Usitafute chochote kwenye kioo." Nikajaribu, kikarudi. Nikauliza kama ni Windows tu. Akashangaa. "Kokote. Hata ile ya bure ya huyu bwana, hivyo hivyo, vidole viwili. Limbu, hukumfundisha?" Limbu aliinua kibodi moja ya zamani, akagusa kwa kidole pale pembeni palipokuwa pameng'oka. "Hakikuwepo," alisema. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu mwanzo mifumo ile miwili, ule wa kupewa na ule wa kuibwa, ilikuwa inarudisha kwa njia ile ile, na kwamba kilichoniangusha kontenani ni kitufe kisichokuwepo kwenye kibodi zetu chakavu. Yale maneno ya Limbu yalikuwa hayana kosa. Lakini yalishafutwa, na vile vidole viwili havikuweza kuyarudisha.

Mtihani wa pili nilifaulu. Yule dada wa manukato alinitambua nilipoingia, akapiga makofi. "Si ndiye Shoka huyu!" Nilipata kitanda, milo, na kitambulisho, na juu ya hivyo vyote nikapata jina. Stoo nzima waliniita Shoka. Nilipohamishiwa manunuzi na kuanza kuwabana wauzaji, wapya waliokuja waliamini jina lilitokana na ninavyokata bei, nami sikumsahihisha hata mmoja. Nilipozaa pacha nikawa Mama Kulwa nyumbani na Mama Shoka kazini, na nilipoacha kazi nikaanza biashara yangu nilililipia kibao: MAMA SHOKA, VYAKULA JUMLA. Mtu anaweza kuichukua aibu yake, akaipaka rangi, akaitundika barabarani, na wateja wakaisifu kwa jinsi inavyoonekana kwa mbali. Ofisini kwangu sasa Windows nimeinunua kihalali na risiti ninayo, si kwa wema, ni kwa kuchoka kulisha mafundi. Na kijana anayenitengenezea simu aliniambia mwaka jana, bila kujua anamwambia nani, kwamba ndani ya simu hizi tunazobeba karibu wote kuna kiini cha ule ule mfumo wa bure. Kwa hiyo wale waliocheka kontenani wanatembea nao mfukoni, na wanaweza wakiamua kuuambia useme Kiswahili. Nilikwenda kwenye simu yangu nikatazama. Ilikuwa ya Kiingereza. Niliiacha hivyo hivyo.

Hayo yote yalikuwa kifuani mwangu Samuye tulipokaa kula baada ya mazishi. Limbu, ambaye sasa anafundisha shule moja upande wa Kishapu, aliacha benchi la wanaume akaja kukaa karibu na mkeka wetu, na sahani yake mkononi. Palikuwa na ugali, nyama, na choroko ambazo mtu alizichelewesha motoni. Alitaka kuongea juu ya jina. Aliniambia yale maneno aliyoyaandika hakubakiza nakala popote, yalikuwa kwenye zile mashine tu, na mengine ameyasahau kabisa. Shangazi alimuuliza mara kadhaa, naye akawa anamdanganya kwamba atayaandika upya. "Alikuwa akisema ile mashine imekuwa mgeni," alisema. "Hakuwahi kuchapa tena, hadi duka linafungwa. Lakini ona. Moja limebaki. Wewe umelitembeza Geita nzima, watu wanalitaja kila siku bila kujua ni la kwake. Shangazi angejua, Kabula. Angefurahi huyo."

Ningeweza kuliacha pale. Kwa mizani yoyote ilikuwa biashara nzuri: yeye anabaki na furaha yake, mimi nabaki na jina langu, marehemu hana dai. Nimefunga mikataba mibaya kuliko huo nikalala vizuri. Lakini choroko zilikuwa hazishuki. Nikamwambia. Nilianza na kiyoyozi, nikaja kwenye herufi k, nikafika kwenye mkono niliounyoosha, na yale maneno ya kuni na panga nikayasema kama yalivyosemwa. Nikamwambia jina lilianzia pale, si kwa kumkumbuka mtu. Wanawake waliokuwa karibu waliinamia sahani zao kwa adabu na kusikiliza kila neno.

Limbu aliweka sahani yake mkekani.

"Kwa hiyo walicheka."

"Walicheka."

"Wangapi?"

"Saba. Nilihesabu mara mbili."

"Na humo Wasukuma walikuwa wangapi? Waliojua maana yake?"

Nilimfikiria yule dada wa mwangaluka, na kijana mmoja wa Maganzo aliyekaa dirishani. "Wawili," nikasema.

Limbu alikuwa akikusanya ugali kando ya sahani, hanitazami, ananiachia nafasi, kama alivyoniachia siku ile na hoja zangu zimepangwa. Nikahesabu tena. Nilirudi ndani ya lile kontena, nikapita meza kwa meza, uso kwa uso, hadi kwenye meza yenye mayai ya Mama Limi, na hapo nikamkuta mwingine, anacheka na wenzake kwa sauti ili ionekane kwamba na yeye ameliona kuwa ni neno la kijinga, neno la kuni, halina kwao.

"Watatu," nikasema. "Waliocheka walikuwa wanane. Na mimi nilicheka."

Nikainuka. Nilitafuta viatu vyangu kati ya viatu vya watu, nikavaa kimoja. Ng'ambo ya ua dereva aliniona, akawasha gari. Nilikuwa nimeshageuka niliposikia nyuma yangu, kwa sauti ya chini, ile inayovuta neno kidogo mwanzoni:

"Shoka."

Mtoto mmoja wa pale, aliyekulia mjini, akauliza shoka la nini tena babu. Nilivua kile kiatu, nikarudi, nikakaa. Choroko zilikuwa zimepoa. Nikazimaliza.